Raba za Mbio Hazifai Darasa la Dansi

Ingia darasa lolote la Zumba utazame miguu: raba za mbio zimejaa. Ni raba nzuri, lakini kwa kazi hii hazifai. Kiatu cha mbio kimeundwa kwa mwendo mmoja tu, kwenda mbele. Soli yake ina meno ya kung'ata ardhi, na kisigino kimeinuliwa, mara nyingi milimita 8 hadi 12 kuliko upande wa vidole. Kwenye dansi unakwenda kando, unarudi nyuma, unaruka na, zaidi ya yote, unazunguka.

Kwenye kuzunguka ndiko kwenye hatari. Mwili umeshageuka, nyonga imefuata, lakini meno ya soli yameng'ang'ania sakafu na wayo umebaki ulipokuwa. Msokoto huo hauna pa kwenda ila kwenye goti, kiungo ambacho kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua. Mara nyingi hutahisi kitu siku hiyo. Maumivu huja polepole, halafu lawama zote anatupiwa mwalimu na muziki wake.

Kwa hiyo dukani usianze na rangi, wala na ulaini unaousikia ukisimama. Geuza kiatu utazame soli. Chini ya shina la kidole gumba, pale unapobeba uzito ukinyanyua kisigino, pawe laini au pawe na mistari ya mviringo. Kisha kivae, nyanyua kisigino kidogo, uzunguke robo duara. Kikigoma, kirudishe. Kikiteleza ovyo, kirudishe pia, maana hatua ya kando inahitaji mahali pa kushika.

Sasa piga hatua kubwa ya kando na usimame ghafla. Wayo ukimwagika nje ya ukingo wa soli, kifundo cha mguu kiko hatarini kuteguka. Ndiyo maana raba iliyoinuka kwa sponji nene naikataa hata kama inabembeleza mguu: kadiri unavyosimama juu, ndivyo unavyopinduka kirahisi. Kikunje kiatu pia. Raba ya kawaida ya mazoezi ikunjike pale vidole vinapokunjika. Viatu vya dansi vyenye soli ya vipande viwili hukunjika katikati kwa makusudi. Vinageuka vizuri sana, ila vingi vina sponji kidogo, na kwa darasa la kurukaruka sivipendekezi.

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imeshavimba kidogo, ukiwa na soksi zile zile za mazoezi. Acha nafasi ya takriban sentimita 1 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho si lazima kiwe kidole gumba. Nafasi ikikosekana, kucha hugonga mbele kila unaposimama ghafla, na mwishowe huwa nyeusi. Kisigino kikipanda na kushuka ndani ya kiatu, malengelenge hayako mbali. Tumia tundu la mwisho la kamba, lile ambalo wengi huliacha wazi: pitisha kila kamba kwenye tundu la upande wake ufanye kitanzi, ingiza kila kamba kwenye kitanzi cha upande wa pili, vuta, ndipo ufunge.

Sakafu nayo ina sauti yake. Ya mbao hunepa kidogo na kupunguza kishindo. Saruji na vigae havinepi kabisa, kwa hiyo hapo hakikisha kuna sponji ya kutosha upande wa mbele, maana miruko mingi ya dansi hutua hapo. Zulia hukamata hata soli laini.

Raba za darasani zisitoke nje. Mchanga ulionasa kwenye soli hukwaruza mbao na huteleza kwenye vigae. Na usingoje soli itoboke ndipo ubadilishe, kwani sponji hufa kwanza: weka raba mezani uitazame kwa nyuma, ikiwa imelalia upande mmoja, au sponji ina mikunjo isiyonyooka, imemaliza kazi.

Kama leo una raba za mbio tu, ingia darasani, lakini usizunguke juu ya mguu mmoja. Nyanyua miguu, ugeuke kwa hatua 3 au 4 fupi, kila hatua ikitua huku vidole na goti vikielekea upande mmoja.