Sosi ya pizza isionje moto kabla ya oveni

Kwa muda mrefu nilikuwa napika sosi moja tu ya nyanya. Sufuria kubwa, moto wa wastani, saa nzima na zaidi. Nusu naichanganya na tambi, nusu naipaka kwenye unga wa pizza. Tambi zilitoka vizuri. Pizza ilitoka nzito, juu ina wekundu wa kiza kama mchuzi uliopashwa mara tatu, na ule utamu wa nyanya wenye uchachu kwa mbali umepotea kabisa. Nililaumu unga, nikalaumu oveni, nikalaumu hata jibini. Kumbe sosi ile nilikuwa naipika mara mbili.

Kwa hiyo nasema bila kumumunya maneno: sosi ya pizza haipikwi. Inaivia juu ya unga, ndani ya oveni, na hapo inatosha. Inayopikwa ni sosi ya tambi, nayo haihitaji saa nzima.

Si jambo nililolibuni mimi. Chama cha Associazione Verace Pizza Napoletana, kilichoanzishwa Naples mwaka 1984 kulinda pizza ya mji huo, kinataka nyanya zipondwe, zitiwe chumvi, basi. Hazipiti sufuriani. Oveni zao za kuni hufika nyuzi 430 na kuendelea, na pizza inatoka baada ya sekunde 60 hadi 90. Najua mtu atauliza: oveni ya nyumbani inaishia nyuzi 250 hivi, tutafanyaje? Lakini pizza ya nyumbani inakaa humo dakika saba, nane, pengine kumi. Dakika zote hizo nyanya zinaendelea kuiva. Ukiziweka zikiwa tayari zimepikwa, unazimaliza.

Kinachowatisha watu ni maji, na hapo nawaelewa. Nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na sosi mbichi ikipakwa kama ilivyo, unga wa katikati unalowa na kubaki mbichi. Wengi hukimbilia moto ili kuyakausha. Mimi nasema yachujwe.

Kata nyanya mbivu katikati, kwa upana. Chukua kile kifaa cha kukwangulia karoti, upande wa matundu makubwa, kiweke juu ya bakuli. Bonyeza nyanya upande uliokatwa na uikwangue, kiganja kikiwa wazi. Nyama yote inashuka bakulini na ganda linabaki kiganjani, jembamba kama karatasi, hata vidole havijakaribia matundu. Hakuna kuchemsha maji ya kumenyea, hakuna bakuli la maji baridi. Kisha tia chumvi, mimina kwenye chujio, uache nusu saa. Chumvi inavuta maji, yanadondoka chini, rangi yake kama chai hafifu. Kinachobaki kwenye chujio ni rojo jekundu linalosimama kwenye kijiko. Kijiko kimoja cha mafuta ya zeituni, na sosi ya pizza imekwisha. Kwa pizza ya sentimita 30 natumia vijiko vinne vya chakula, sizidishi. Maji yale usiyamwage; nitayarudia.

Blenda siipendi kwa kazi hii. Inaingiza hewa na sosi inageuka rangi ya chungwa, tena inasaga mbegu na kuacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi. Wala sikubaliani na ushauri wa kukamua mbegu na ute wake na kuutupa. Ute ule ndio wenye glutamati nyingi kuliko nyama ya nyanya, yaani ule utamu wa kiasili unaokufanya urudie kijiko. Ukiutupa, utaanza kutafuta ladha kwenye vidonge vya mchuzi.

Sosi ya tambi inakwenda njia nyingine. Hapa nyanya zikishakwanguliwa hazisubiri. Nyanya iliyopondwa ina vimeng'enya vinavyoanza mara moja kuvunja pektini, kile kinachoifanya sosi ishikane. Joto la haraka linavizima. Ndiyo maana nyanya zilizokwanguliwa na kuachwa kando mara nyingi hutoa sosi inayojitenga, maji huku na makapi kule. Tayarisha kikaango kwanza, kipana, kisicho cha alumini tupu kwa sababu uchachu wa nyanya hula alumini. Kwa kilo moja ya nyanya, weka vijiko vinne vya mafuta ya zeituni na punje tatu za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba, vyote vikiwa baridi, ndipo uwashe moto mdogo. Kitunguu saumu kikianza kunukia na kingali cheupe, mimina nyanya. Kikishakuwa kahawia umechelewa: mwaga uanze upya, maana uchungu ule haufichiki.

Baada ya hapo, moto wa wastani na dakika 15 hadi 20. Saa usiitazame sana, tazama kikaango. Pitisha mwiko katikati: njia ikijifunga papo hapo, bado, ikibaki wazi kwa muda kidogo na mafuta yakaanza kujitenga pembeni yakiwa na rangi ya machungwa, imeiva. Tambi zitoe dakika moja au mbili kabla ya wakati, uzitie ndani ya sosi na upawa wa maji yaliyozichemshia. Wanga uliomo ndio unaoyaunganisha mafuta na nyanya yakaifunika kila tambi. Majani ya rihani yanaingia moto ukishazimwa.

Sukari siweki. Haiondoi uchachu, inaufunika tu. Nyanya zikiwa chachu, kitunguu maji kilichokatwa nusu na kipande cha siagi vikichemka pamoja nazo vinailainisha sosi vizuri zaidi, kisha kitunguu unakitoa.

Yote haya yanategemea nyanya zenyewe. Zile ndefu zenye nyama nyingi ndizo nzuri, na ziwe zimeiva hasa, ukinusa penye kikonyo upate harufu. Zisikae kwenye friji kabla hazijaiva. Baridi inaua harufu ile. Kama zilizopo ni ngumu na zimepauka, nyanya nzima za kopo zilizomenywa ni bora kuliko hizo, nami nazitumia bila kusita, nikizifikicha kwa mkono. Na sosi ikibaki, igandishe. Usiifunge kwenye chupa na kuiweka kabatini kwa kudhani nyanya ina asidi ya kutosha. Uchachu hutofautiana sana kati ya nyanya na nyanya, na bakteria wanaosababisha botulizimu, yaani ile sumu ya chakula inayoweza kuua, hawaonekani wala hawanuki.

Sasa yale maji. Siku ninayoandaa vyote viwili, naanza na chujio la pizza, halafu tambi. Nyanya za kikaangoni zikianza kushikana, namimina humo maji yote yaliyodondoka kwenye bakuli, na utamu wa ule ute ukiwemo. Yanachemka kwa vishindo, mvuke unapanda, na harufu inayojaa jikoni ni ya nyanya mbichi na nyanya iliyoiva kwa wakati mmoja. Chumvi sigusi tena, maana imo tayari ndani ya yale maji.