Matumizi ya Shule Yanapopanda, Tusianze na Jumla

Bajeti ya shule inaposomwa mbele ya wazazi, macho ya wengi hukimbilia mstari wa mwisho, ule wenye jumla. Ikiwa jumla hiyo imepanda huku matokeo ya mitihani yakibaki palepale, mjadala hugawanyika upesi kati ya wanaosema fedha zinapotea na wanaosema bado hazitoshi. Kila upande una hoja ya kusikilizwa, lakini jumla peke yake haiwezi kuwaamua.

Tuchukue shule ya mfano yenye wanafunzi 400, iliyokuwa ikitumia milioni 100 kwa mwaka, na ambayo miaka 10 baadaye inatumia milioni 150 kwa wanafunzi 440. Ukitazama haraka, matumizi yameongezeka kwa nusu nzima. Hata hivyo, ikiwa bei zilikuwa zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, bidhaa zilizonunuliwa kwa 100 mwanzoni sasa zinahitaji takriban 163, na hizo milioni 150 zinanunua vile vitu ambavyo zamani vilinunuliwa kwa milioni 92 tu. Zikigawanywa kwa idadi mpya ya wanafunzi, kila mmoja anapata karibu asilimia 16 pungufu ya aliyemtangulia. Shule inayolaumiwa kwa ubadhirifu huenda imekuwa ikifunga mkanda kwa muongo mzima.

Sehemu kubwa ya fedha za shule huenda kwenye mishahara, na hapo ipo sababu iliyoelezwa na mchumi William Baumol katika miaka ya 1960. Kiwanda hununua mashine kikazalisha zaidi kwa wafanyakazi walewale. Mwalimu hawezi kusahihisha insha 40 kwa uangalifu uleule katika robo ya muda. Lakini mshahara wake hauna budi kufuata mishahara ya nje, la sivyo ataondoka. Kwa hiyo gharama ya somo lilelile hupanda bila mtu yeyote kufanya kosa.

Wenye shaka nao hawabahatishi. Ripoti ya James Coleman ya mwaka 1966 nchini Marekani iliona kuwa hali ya familia ya mwanafunzi inaeleza zaidi tofauti za ufaulu kuliko rasilimali za shule, na mchumi Eric Hanushek amejenga hoja kwa miaka mingi kwamba kuongeza fedha pekee hakuleti matokeo ya uhakika. Utafiti wa Kirabo Jackson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulipata picha tofauti: ongezeko la asilimia 10 la matumizi kwa kila mwanafunzi, likidumu miaka yote 12 ya masomo, liliambatana na kipato kikubwa zaidi ukubwani kwa takriban asilimia 7, na manufaa yaliwafikia zaidi watoto wa familia maskini. Naupa uzito utafiti huu kwa sababu uliwafuatilia wanafunzi hadi utu uzima, si hadi chumba cha mtihani tu. Hata hivyo haumpi mwalimu mkuu ruhusa ya kutumia bila kuhojiwa, kwa kuwa fedha hufanya kazi kulingana na kasma, yaani mafungu ya bajeti, zinakoingia.

Na kasma hazipandi pamoja. Kompyuta hununuliwa mara moja kwa shangwe, kisha kila mwaka hudai umeme, matengenezo na, baada ya muda, nyingine za kuchukua nafasi yake. Gharama hizo zikiingia hazitoki. Ukarabati ndio hukatwa kwanza, kwa sababu paa halilalamiki kama mfanyakazi ambaye hajalipwa. Mfereji wa paa ukipasuka, maji hushuka ukutani msimu wa kwanza na kuacha doa la kahawia juu ya ubao. Msimu wa tatu mbao za dari zimeoza, na kazi iliyohitaji fundi mmoja kwa siku moja sasa inahitaji darasa zima kufungwa. Katika vitabu vya hesabu, ile miaka miwili ya kungoja ilisomeka kama nidhamu ya matumizi, na mwaka wa kuezeka upya ukasomeka kama ufujaji.

Ndiyo maana ningependa kila taarifa ya fedha ya shule iwe na ukurasa mmoja unaoonyesha kasma ya ukarabati kwa miaka 10 mfululizo, ikiwa imerekebishwa kwa kupanda kwa bei na kugawanywa kwa idadi ya wanafunzi, na ukurasa huo usomwe kabla ya ule wa jumla.