Seli za kinga kwenye mdomo ulioharibiwa na jua: zinalinda au zinachochea?

Mdomo wa chini hupigwa na jua moja kwa moja, ngozi yake ni nyembamba na melanini yake, yaani rangi inayoikinga ngozi na jua, ni haba. Baada ya miaka mingi ya kazi za juani, mdomo huo hukauka, hutoa magamba na mabaka meupe, na ule mpaka kati yake na ngozi ya uso hufifia. Kitabibu hali hii huitwa keilitisi ya jua, nayo huweza kutangulia saratani. Midomo mingi haifiki huko. Kwa hiyo watafiti huzichunguza seli za kinga zilizokusanyika chini ya ngozi hiyo, wakitumaini zitawaonyesha ni mdomo upi utakaogeuka kuwa saratani.

Matumaini hayo yana msingi. Miaka ya 1970 mtafiti wa kinga Margaret Kripke alionyesha kwamba uvimbe wa saratani uliotokana na miale ya urujuanimno hukataliwa ukipandikizwa kwa panya wa kawaida wa ukoo uleule, lakini hukua kwa panya aliyekwisha kumulikwa na miale hiyo. Jua, basi, huharibu DNA na papo hapo hudhoofisha kinga ambayo ingeiondoa seli iliyoharibika. Hupunguza seli za Langerhans, ambazo hupeleka taarifa za adui kwenye tezi za limfu, na huongeza seli T dhibiti, ambazo hutuliza mapambano. Kwa binadamu, waliopandikizwa figo na kumeza dawa za kushusha kinga hupata saratani ya mdomo mara nyingi zaidi kuliko watu wengine. Tena krimu ya imikwimodi, inayofanya kazi hasa kwa kuamsha kinga, imewasaidia baadhi ya wenye keilitisi hii.

Lakini seli nyingi si lazima ziwe ulinzi mwingi. Seli za masti, kwa mfano, ambazo ni seli za kinga zinazojulikana zaidi kwa kuleta mzio, hutoa vimeng'enya vinavyomeng'enya tishu na kuchochea mishipa mipya ya damu, mambo ambayo uvimbe unaokua huyahitaji. Makrofaji, yaani seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki, huweza kuegemea upande wowote. Halafu kuna tatizo la kipimo chenyewe, ambalo kwangu ndilo zito zaidi: kipande kikishakatwa kwa uchunguzi, sehemu ile haipo tena ya kufuatiliwa. Tafiti nyingi hulinganisha midomo ya watu tofauti kwa wakati mmoja, kisha husoma tofauti hizo kana kwamba ni safari ya mdomo mmoja. Na mpasuko au fangasi tu hutosha kuvuta seli hizo.

Wanaotumaini seli hizo wana jibu moja ambalo sina namna ya kulipuuza. Kigezo cha sasa, yaani kiwango cha mabadiliko ya seli chini ya hadubini, nacho kinayumba; wataalamu wawili huweza kusoma kioo kimoja wakatofautiana. Haja ya kipimo cha ziada ni ya kweli. Naona kitakachofaa ni aina ya seli na mahali zilipo, hasa seli T za kuua zikiingia ndani ya tabaka la juu, kuliko jumla yake. Hata hivyo, kwa sasa singekubali mgonjwa mwenye kidonda kigumu kisichopona arudishwe nyumbani eti hesabu ya seli zake ni nzuri.

Kwa waliopandikizwa figo, habari za kinga zimeshaanza kubadili tiba bila kuhesabu seli yoyote ya mdomoni: mgonjwa aliyewahi kupata saratani ya ngozi huweza kupunguziwa dawa za kushusha kinga, au kuhamishiwa kwenye sirolimusi, dawa nyingine ya kushusha kinga.