Neno "band" la Waskoti limeonewa

Historia ya Uskoti husimuliwa kana kwamba ni njama tupu: mabwana wanakutana, wanatia saini hati, kisha mtu anauawa. Hati hiyo Waskoti wa zamani waliiita band, na kwa maoni yangu neno hilo limeonewa.

Band ilikuwa ahadi ya maandishi ya kushikamana. Iliyoenea zaidi, kuanzia karne ya 15 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, ni ile ya manrent: mtu wa cheo cha chini aliahidi kumfuata bwana wake vitani na kumpa ushauri; bwana naye akaahidi kumlinda na kumtetea. Hati za namna hii zimebaki kwa mamia. Nyingine zilimaliza visasi vya koo, katika nchi ambayo mfalme hakuwa na jeshi la kudumu na mara nyingi alirithi kiti akiwa mtoto. Mfalme James II alikuwa na miaka 6. Malkia Mary alikuwa na siku 6!

Tena, kwa kawaida hati ilitanguliza sharti: utii kwa mfalme haukuguswa. Hapo ndipo palipozuka balaa mwaka 1452. James II alimwita William, Earl (cheo cha bwana mkubwa) wa Douglas, katika ngome ya Stirling kwa hati ya kumhakikishia usalama, akamtaka avunje band yake na Earl wa Crawford, aliyoiona kuwa tishio kwake. Douglas alikataa. Mfalme akamchoma kisu kwa mkono wake mwenyewe. Bunge lilimsafisha mfalme mwaka huohuo. Mimi simsafishi, kwani aliyevunja neno lake siku ile ni yeye.

Sikatai kwamba zilikuwepo band za damu. Machi 1566 Darnley, mume wa Mary, alitia saini mojawapo kabla ya David Rizzio, katibu wa Mary, kuuawa, na haukupita mwaka Darnley naye akauawa. Lakini tukiishia hapo tunaficha sehemu iliyo bora. Desemba 1557 mabwana wa Kiprotestanti waliandikiana band ya kutetea imani yao. Mwaka 1638, Agano la Taifa, band ya kutetea dini yao, lilianza kutiwa saini Edinburgh, kisha nakala zikapelekwa parokiani, na watu wa kawaida wakaapa kulindana kama walivyoapa mabwana zamani. Hata wao waliandika kwamba watamtetea mfalme. Mfalme Charles I aliona uasi tu.