Njaa na mafuriko ni suala la usalama, ila si kazi ya polisi

Ibara ya 238 ya Katiba ya Kenya haiishii mpakani. Inasema usalama wa taifa ni pamoja na kulinda watu, haki zao, mali, amani na ustawi wao. Kwa kipimo hicho, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200 mwaka 2022, usalama wetu ulikuwa umeguswa.

Wanaoutetea mtazamo huu, kwamba njaa na mafuriko ni suala la usalama, wana ushahidi hapa hapa Nairobi. Juni 25, 2024, waliovunja uzio na kuingia Bungeni hawakuwa jeshi la kigeni. Walikuwa vijana waliochoshwa na gharama ya maisha na kodi za Mswada wa Fedha. Wanajeshi wakaitwa kusaidia polisi, watu wakauawa, na kesho yake Rais Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Miezi miwili tu kabla, mito ilikuwa imefurika na kusomba nyumba katika mtaa wa mabanda wa Mathare. Nchi tajiri nazo hupatwa na mafuriko, lakini zina bima na akiba. Zetu hukimbilia mkopo, mkopo hudai kodi, na kodi huwasukuma watu kuandamana barabarani. Msururu huo ndio unaonitia hofu kuliko tishio lolote la mpakani.

Hata hivyo, wanaopinga wasipuuzwe. Wanasema shida ikishapewa jina la tishio, anayetumwa kwanza ni mwenye bunduki. Kafyu ya corona ilipoanza Machi 2020, haikupita wiki kabla ya mtoto wa miaka 13 kupigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao, mtaani Kiamaiko, Nairobi. Na baada ya mafuriko ya 2024, waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni waliamriwa kuhama, matingatinga yakabomoa, na wengi hawakuwa na pa kwenda. Tishio lilikuwa mto. Aliyeshughulikiwa ni mkazi.

Kwangu, hoja hii haitoshi kuirudisha tafsiri ya usalama kwenye mizinga na mipaka pekee. Inatosha kubadili anayekabidhiwa fedha na amri. Idara ya hali ya hewa hutoa tahadhari mapema, na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame hufanya vivyo hivyo. Kinachokosekana ni fedha zinazotoka tahadhari inapotolewa, kabla ya maafa. Mvua za masika huanza Machi. Kaunti ipewe pesa za kuzibua mitaro Januari, na familia ya kando ya mto ionyeshwe makao mapya kabla ya kuambiwa ihame.