Msilipie mpango wa chakula wa Disney kabla ya kumhesabu bibi

Likizo za shule zikikaribia, familia nyingi za Waswahili tunaoishi Marekani huanza kupiga hesabu za Walt Disney World, zile bustani za burudani na hoteli za Disney karibu na Orlando, Florida. Tiketi, hoteli, mafuta ya gari. Halafu linakuja suala la chakula, na hapo simu huanza kuita: "Dada, tulipie kabisa ule mpango wao wa chakula, au tule kwa pesa mkononi?" Nami huuliza kwanza: mnakwenda na nani? Kama mnakwenda na bibi, au na mtoto aliyekwisha kufikisha miaka kumi, au kama nyumbani kwenu hakuna anayekunywa pombe, mimi nasema msinunue.

Nieleze kwanza kinachouzwa, maana wengi hulipa bila kukijua vizuri. Anayelala kwenye hoteli za Disney zenyewe anaweza kulipia chakula pamoja na chumba, na kila usiku anaolala unampa idadi fulani ya milo. Mipango iko miwili. Ule mdogo unampa kila mtu, kwa kila usiku, milo miwili ya kaunta, ile unayoagiza, ukabeba sinia na kujitafutia meza, pamoja na kitafunwa kimoja. Ule mkubwa unatoa mlo mmoja wa kaunta, mmoja wa mezani unaoletewa na mhudumu, na kitafunwa kimoja. Mipango yote miwili inakuja na kikombe cha plastiki cha kujaza soda, chai au kahawa hotelini kwa muda wote mtakaokaa. Kila ukila, unagusisha bangili au kadi na mlo mmoja unapungua. Tuiite kuponi, ingawa karatasi haipo.

Mwaka 2024, mpango uliporudi tarehe 9 Januari baada ya kusimama tangu mwaka 2020 kwa sababu ya korona, mtu mzima alitozwa dola 94.28 kwa usiku kwa mpango mkubwa, na dola 57.01 kwa mdogo. Mtoto wa miaka 3 hadi 9 alitozwa dola 29.69 na dola 23.83. Bei zimepanda tangu hapo, lakini sura yake ni ile ile: mtoto ni nafuu, mtu mzima ni ghali mno, na kwa Disney mtoto wa miaka 10 ni mtu mzima. Juu ya hayo kuna sharti linaloumiza kuliko bei: kila aliye chumbani mwenye umri wa miaka 3 na kuendelea lazima awemo kwenye mpango ule ule, kwa siku zote za safari. Huwezi kuwalipia watoto ukamwacha mzee ale atakavyo.

Chukua familia ya kawaida ya kwetu: baba, mama, bibi, binti wa miaka 11 na mdogo wake wa miaka 6, wanalala siku tano. Kwa Disney hao ni watu wazima wanne na mtoto mmoja. Kwa bei zile za 2024, mpango mkubwa ni dola 406.81 kwa usiku, yaani dola 2,034.05 kwa safari nzima. Mdogo ni dola 251.87 kwa usiku, jumla dola 1,259.35. Pesa hizo zinatoka kabla hata mdomo mmoja haujafunguka.

Sasa tumtazame bibi. Mama mkwe wangu anapokuja kututembelea kutoka Tanga, anakula kama wazee wengi wa kwetu wanavyokula. Asubuhi chai ya rangi na mkate. Mchana tunda, pengine na supu. Jioni wali kidogo na samaki, kisha anasema ameshiba na ameshiba kweli. Wazee wengi tunaowachukua kwenye safari hizi wana sukari au presha, na chakula cha kaunta huko ni baga, kuku wa kukaanga, chipsi na soda. Mlo wa mezani wa mchana au jioni unakuja na kitindamlo ndani yake. Kuponi ya kitafunwa inanunua aiskrimu, popkoni, keki. Unamlipia mtu dola 94 kwa siku ili aletewe vitu ambavyo daktari wake amemkataza. Mimi sipendi mpango unaomfanya mzee aonekane anapoteza pesa za watoto wake kwa sababu tu ameshiba. Nimewaona wazee wakijilazimisha kula kwa kuona haya, na likizo ya aina hiyo simtakii mama wa mtu yeyote.

Mtu ataniambia kuponi za chumba zinawekwa pamoja, basi alichoacha bibi atakula kijana. Ni kweli, na kwenye familia yenye kijana wa miaka 16 anayekula kama kikosi kizima hoja hiyo ina uzito. Lakini angalia inawapeleka wapi. Kuponi zinakufa saa sita usiku wa siku ya kuondoka na hazirudishwi pesa. Siku ya mwisho utazikuta familia kwenye maduka ya hoteli zikibeba pipi na biskuti za pakiti ili kumaliza vitafunwa vilivyobaki. Watu wanakula ili hesabu itimie, na njaa haina nafasi tena katika uamuzi huo.

Jambo la pili halisemwi sana kwetu, labda kwa sababu ya haya. Bei ya mtu mzima imechanganya pombe. Mwenye miaka 21 na kuendelea anaruhusiwa kuchagua bia, divai au kokteli kama kinywaji cha mlo wake. Huko glasi ya kilevi huuzwa zaidi ya dola 10, kwa hiyo anayekunywa kwa kila mlo anarudisha pesa yake upesi. Asiyekunywa anabaki na soda ya dola tano hivi. Mpango unamruhusu kuchukua maziwa ya kusaga (milkshake) au vinywaji vya matunda vya bei ya juu pale vilipo, lakini nani atakunywa maziwa ya kusaga mara mbili kwa siku, siku tano mfululizo, na jua lile la Florida? Familia ya Kiislamu, au ya Walokole, inachangia bia isiyoinywa. Kama mnakula halali, lipo na la zaidi: kila mahali mtauliza nyama imetoka wapi, na mara nyingi mtaishia kwenye samaki na mboga, vitu ambavyo kwa kawaida si ghali kwenye menyu. Thamani ya kuponi inashuka tena hapo.

Piga hesabu mwenyewe. Mlo wa kaunta wa mtu mzima mara nyingi uko kati ya dola 12 na 18. Ongeza soda. Milo miwili, kitafunwa cha dola saba, na sehemu ya bei ya kile kikombe, unafika kama dola 50 kwa siku, dhidi ya 57. Kwa mpango mkubwa, mlo wa mezani wa dola 30, kitindamlo, soda, mlo wa kaunta na kitafunwa vinakuleta karibu na dola 80, dhidi ya 94. Ili mtu mzima asiyekunywa afikie bei aliyolipa, itabidi karibu kila siku ale kwenye zile bafe za wahusika za dola 60 hivi kwa kichwa, ambako Mickey na wenzake wanapita mezani kupiga picha. Na bakshishi haimo! Mhudumu wa mezani anategemea asilimia 18 hadi 20 ya thamani ya chakula, na kundi la watu sita au zaidi linaongezewa asilimia 18 moja kwa moja. Familia ya watano ikila chakula cha thamani ya dola 250, ni dola 45 au zaidi mfukoni, jioni ambayo walidhani imekwisha kulipiwa.

Muda nao ni pesa. Tiketi ya siku moja inavuka dola 100 kwa mtu, na kila mlo wa mezani unakula saa nzima, hata saa moja na nusu, mbali na mwendo wa kufika. Meza nzuri zinashikwa siku 60 kabla. Anayenunua mpango mkubwa bila kushika meza mapema atajikuta yuko bustani ya Magic Kingdom mchana na meza pekee aliyoipata iko EPCOT, bustani nyingine kabisa, saa tatu usiku, mtoto amelala begani.

Sisemi watu wale vibaya au wakae na njaa. Nasema jilipieni wenyewe kabla. Kinachowavuta wengi kwenye mpango ni utulivu wa kujua chakula kimeshalipwa, na utulivu huo unapatikana kwa njia nyingine: kadi za zawadi za Disney. Ni kibubu tu. Kila mshahara ukiingia, nunueni kadi ya dola 50 au 100, mziweke hadi siku ya safari, kisha mlipie chakula kwazo huko. Kadi hizo haziishi muda wake, na kilichobaki kinarudi nyumbani na ninyi hadi safari nyingine.

Asubuhi kuleni chumbani. Vyumba vya hoteli hizo vina friji ndogo, na vile vya familia vya All-Star Music na Art of Animation, vinavyolala watu sita, vina pia maikrowevu. Maandazi yaliyogandishwa nyumbani, majani ya chai, tangawizi ya unga, maziwa, ndizi na mkate wa dukani, na familia nzima imetoka nje imeshiba bila kupanga foleni. Sisi tunaoendesha gari kutoka Georgia au Carolina tunaweza kubeba deli la barafu, mradi ndani mna vile vifuko vya kugandisha, kwa sababu barafu ya vipande hairuhusiwi kupita mlango wa bustani. Chakula chenyewe kinaruhusiwa, ilimradi hakimo kwenye chupa wala bakuli la glasi na hakihitaji kupashwa moto. Sambusa, katlesi, kababu, chapati iliyokunjiwa mayai: vyakula vyetu vya safari vinafaa hasa kwa sharti hilo. Maji baridi yenye barafu mnapewa bure kwenye kaunta zenye mashine za soda, msinunue chupa.

Kisha chagueni mlo mmoja mkubwa, mmoja tu, mlipie pesa taslimu bila kinyongo. Ningekuwa na bibi ningempeleka Animal Kingdom, ile bustani iliyofunguliwa mwaka 1998, kwenye mji wa kubuni uitwao Harambe. Waliousanifu waliuchora kwa kuitazama Lamu, na mtu aliyekulia pwani ataiona mikono ya mafundi hao kwenye kuta na milango. Kuna bafe hapo, Tusker House, ambako Donald Duck anazunguka mezani na nguo za safari. Au, kama mnataka utulivu, kuna Sanaa, mkahawa wa hoteli ya Animal Kingdom Lodge uliotazamana na mbuga yao. Huhitaji kulala hapo ili kula hapo. Agizeni kile kikapu maarufu cha mikate ya Kihindi na achari zake, mle kwa kushirikiana kama tulivyozoea, twiga wakipita nje ya dirisha. Mpango wa kuponi haukuumbwa kwa watu wanaokula sahani moja wawili. Sisi tunakula hivyo, na kwa pesa mkononi tabia hiyo inatuokolea fedha nyingi.

Wapo ambao ningewaambia wanunue, tena bila kusita: baba na mama wenye watoto wawili au watatu wa kati ya miaka 3 na 9, hakuna mzee chumbani, na watoto wanalia usiku na mchana kuwaona wahusika. Kwa dola 29.69 za mtoto, mlo mmoja wa bafe ya wahusika peke yake huweza kuvuka bei hiyo, na chakula kingine cha siku kikawa cha bure. Na kwa safari za mwaka 2026, Disney ilitangaza kuwapa mpango bure watoto wa miaka 3 hadi 9 pale wazazi wanaponunua wa kwao pamoja na hoteli. Hapo angalieni kitu kimoja: ofa hiyo inakuja na chumba cha bei kamili. Wekeni pembeni bei ya chumba chenye punguzo pamoja na chakula cha pesa mkononi, mlinganishe na chumba cha bei kamili chenye kuponi. Kwa watoto watatu, kuponi huenda zikashinda. Kwa mmoja, mara nyingi punguzo la chumba linashinda.

Na kama mwanao anakaribia kutimiza miaka kumi, nendeni kabla ya siku hiyo, maana baada yake analipiwa chakula cha mtu mzima.