Nenosiri au Ufunguo: Mlango wa Seva ya Linux

Mafundi wanaosimika seva za Linux kwa maduka, zahanati na shule za Nairobi huvutana juu ya jambo linaloonekana dogo: je, fundi aendelee kuingia kwenye seva kwa nenosiri kupitia SSH (njia salama ya kuiendesha seva kutoka mbali), au nenosiri lifungwe kabisa na zitumike funguo za kidijitali peke yake?

Wanaotetea nenosiri wana hoja inayopuuzwa haraka mno. Ufunguo wa siri ni faili inayokaa ndani ya kipakatalishi, na katika jiji hili kipakatalishi huweza kunyakuliwa mtu anaposhuka matatu, au kuungua umeme unaporudi baada ya kupotea. Aliyehifadhi ufunguo mahali pamoja tu anaweza kujikuta nje ya seva yake mwenyewe, ilhali mwenye nenosiri kichwani ataazima kompyuta ya jirani na kazi iendelee.

Lakini kompyuta hiyo ya kuazima huenda ina programu inayonasa kila herufi inayochapwa, na nenosiri lililo rahisi kukariri mara nyingi huwa rahisi kubahatisha. Seva iliyo wazi kwenye intaneti haihitaji kuwa na adui anayeijua. Kuna programu zinazozunguka mtandaoni usiku na mchana, zikibisha kwenye poti 22, mlango wa kawaida wa SSH, na kujaribu majina ya watumiaji kama root na admin. Anayetilia shaka na afungue auth.log, faili inayorekodi majaribio ya kuingia, kwenye seva yake ya Ubuntu (aina mojawapo ya Linux). Ufunguo wa aina ya Ed25519, kwa kompyuta tulizo nazo leo, haubahatishiki.

Wengine hutafuta njia ya kati. Kuhamisha SSH kwenye poti nyingine hupunguza kelele, wala hakumzuii anayekagua poti zote. Programu ya Fail2ban hufungia anwani ya mtandao (IP) inayokosea mara kadhaa, ila haifui dafu mashambulizi yanapotoka kwenye anwani nyingi, kila moja ikijaribu mara chache. Ushauri wa kuruhusu anwani moja tu kwenye faiwoli, yaani kichujio cha mawasiliano yanayoingia kwenye seva, unaifaa ofisi yenye anwani isiyobadilika. Fundi anayetumia bando la simu, ambako anwani hubadilika na kutumiwa na watu wengi kwa pamoja, atajifungia nje.

Mimi naegemea upande wa funguo. Kufungiwa nje hugharimu saa kadhaa, lakini majina ya wagonjwa yakishaibwa hayarudi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayehifadhi data za watu amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue kuhusu uvujaji unaoweza kuwadhuru wahusika. Hata hivyo, hofu ya wapinzani wangu ni ya kweli, na dawa yake ni maandalizi: ufunguo wa pili uwe kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, kila ufunguo ulindwe kwa fungu la maneno ya siri, na kabla ya kuandika «PasswordAuthentication no», mstari unaofunga nenosiri katika mipangilio ya SSH, fundi aache dirisha la kwanza likiwa wazi huku akijaribu kuingia kwa ufunguo katika dirisha la pili.

Faida nyingine huonekana fundi anapoacha kazi. Nenosiri lililotumiwa na watu watano hulazimu wote wanne waliobaki kujifunza jipya, na kwa kuwa ni usumbufu, mara nyingi haliguswi. Kwa upande wa funguo, nusu ya wazi ya ufunguo wake ni mstari mmoja ndani ya authorized_keys, faili ya seva inayoorodhesha funguo zinazoruhusiwa, na mstari huo hufutwa jioni hiyo hiyo.